Mgeni Mwenye Macho Sita

Kwenye nyumba ya uchapishaji alikofanya kazi kwa miaka thelathini na moja, walimwita Bi Koma. Jina lilikata pande mbili: lilitaja alama aliyopenda kuipachika kwenye sentensi za watu, na tena lilikuwa ndiyo amri aliyowapa waliopiga soga karibu na meza yake. Alikuwa msahihishaji. Mswada ukishatoka kwa mhariri na kupangwa kurasa, yeye ndiye aliyekuwa jicho la mwisho kabla ya mashine.

Jicho hilo lilikuwa na mtindo wake. Bi Koma alisoma kurasa kinyumenyume: rula chini ya mstari wa mwisho, kisha anapanda mstari mmoja mmoja mpaka juu. "Ukiifuata hadithi," aliwaambia waajiriwa wapya, "itakushika mkono ikupitishe kwenye makosa bila wewe kuyaona." Basi alikuwa amepitisha vitabu mia tatu na ushei, na hakujua hata kimoja kinaishaje.

Jumanne moja asubuhi fundi mashine alimjia na kitabu mkononi, ovaroli imejaa wino, machozi yanamtoka.

"Nani kafa?" Bi Koma akauliza.

"Hakuna aliyekufa, Bi Koma. Ni hiki kitabu cha daktari wa meno. Mbavu zangu mie!"

Bi Koma akainua uso. Kitabu cha daktari wa meno hakikuwa cha kuchekesha. Kilikuwa riwaya ya kisayansi ya kutisha: viumbe wenye macho sita wanashuka kutoka sayari ya mbali kuja kuangamiza mji. Daktari aliiandika kwa miaka sita, kidogo kidogo, kati ya mgonjwa na mgonjwa.

"Hebu nisomee."

Fundi akajikohoza. "'Mgeni alisimama mlangoni, macho yake yote sita yakiwaka. Mama mwenye nyumba akapiga ukelele na kukimbilia jikoni.'"

"Hapo kuna nini cha kucheka?"

"Mgeni kaja, mama kakimbilia jikoni! Shangazi yangu mtupu. Ngoja, na hapa: 'Baba akawaamuru watoto wanyamaze na kujificha chini ya meza, ili mgeni adhani hakuna mtu nyumbani.'"

Bi Koma akakinyakua kitabu.

Daktari alikuwa ameandika "kiumbe mgeni" kila mahali, mara mia nne. Mhariri akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: *Mawili ya nini? Moja latosha.* Bi Koma akafuta moja. Akafuta "kiumbe". Na sarufi, ambayo kwa kawaida humpigia kelele neno likibadilishwa, safari hii ilinyamaza kimya. Kiumbe yule alishuka, mgeni yule alishuka. Hakuna kiambishi kilichogoma. Nakala mia nane zilikuwa zimekwisha kujalidiwa, na moja ilikuwa njiani kwenda kwa mwandishi.

Mwaka uliopita, jirani yake wa meza ya pili aliachishwa kazi kwa herufi moja tu iliyokosewa kwenye jalada. Yeye amekosea neno zima, mara mia nne.

Jioni alimsimulia mumewe, fundi saa, aliyezoea kusikiliza huku lenzi yake ikiwa jichoni. Mzee aliivua lenzi, akakifungua kitabu katikati.

"'Wageni walizidi kumiminika, na akiba ya chakula ikaanza kuisha. Hakuna aliyejua wangeondoka lini.'" Akamtazama mkewe. "Huyu daktari anamfahamu shemeji yangu?"

"Kaka yangu alikaa wiki tatu tu!"

"Na hakuna aliyejua angeondoka lini."

Bi Koma alibana midomo, wapi, kicheko kikamponyoka. Akampokonya kitabu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akasoma kuanzia ukurasa wa kwanza, kushuka chini. Jitu la angani alikuwa hajawahi kukutana nalo, kwa hiyo kuliogopa kulitaka bidii. Lakini mgeni asiyeaga, kila mtu anamjua. Chombo chenye miali ya moto kimevuka nyota zote hizo, halafu shida kubwa ya wenye mji ni kwamba viti havitoshi. Mji unaoangamia unakuondoa usingizi; mji ulioishiwa viti unakupa moyo kwamba mtapona tu.

Asubuhi yake, saa tatu, mhariri alimwita ofisini. Daktari wa meno alikuwa amekwisha kukaa, kitabu kiko magotini.

"Nani aliyewageuza viumbe wangu kuwa wageni?"

Mhariri akamtupia Bi Koma jicho la huruma. "Pengine ni kompyuta, Daktari. Siku hizi zina mambo yake."

"Si kompyuta," Bi Koma akasema. "Ni mimi. Nilitakiwa kufuta neno moja, nikafuta silo. Nisamehe, Daktari."

Daktari alikifunua kitabu, akakifunga tena.

"Jana nilikiacha kwenye benchi la wagonjwa. Mara nikasikia kicheko. Mama, miaka ishirini na mitano, kicheko hakijawahi kusikika kwenye kliniki yangu. Nikatoka na koleo mkononi. Jamaa ananiambia, 'Daktari, mng'oe mwenzangu kwanza, mimi namalizia sura.'"

"Ukasemaje?" Bi Koma akauliza.

"Ningesema nini? Nilikasirika. Miaka sita nahangaika kuwatisha watu! Halafu nikamwangalia vizuri. Shavu limevimba, na bado anacheka." Akakuna kidevu. "Kutisha watu nafanya kila siku, tena bila kuandika. Kiacheni hivyo hivyo."

Mhariri alishusha pumzi ndefu kama tairi. Bi Koma aliketi bila kukaribishwa.

"Ila nina lalamiko," daktari akaongeza. "Ukurasa wa themanini na nane, kuna kiumbe mmoja umemwacha."

"Haiwezekani!"

"Yupo. Kasimama peke yake katikati ya wageni, kawaharibia shughuli."

Bi Koma alikivuta kile kitabu, akapekua, akamkuta: mstari wa tatu kutoka chini, katulia zake. Aliomba kalamu ya mhariri, ile nyekundu, akamzungushia duara.

"Toleo la pili, Daktari," akasema. "Huyu naye atakaribishwa."