Simu Iliyolia kwa Kila Mtu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikivuka tu barabara ya Mukendo kuelekea stendi ya mabasi, miguu inaanza kuniuliza tunarudi saa ngapi. Kwa hiyo bosi aliponiambia kwamba simu mpya za ofisi zisipofanya kazi atanihamishia tawi la Bunda, nikawe mpeleka ujumbe wa kudumu, usingizi uliniruka hata kwenye kitanda changu cha nyumbani Makoko.

Kosa langu ni kumaliza kidato cha nne. Ofisini wanaaminiga kwamba aliyefaulu fizikia anaweza kuseti chochote chenye waya. Fundi aliyefunga mashine ya simu ukutani alikuwa ameshaondoka, kaniachia maelekezo tu: kila kitu kinapangwa kwenye simu kubwa yenye kioo, ile ya mezani kwangu. Unaingiza namba ya siri, unabonyeza tarakimu za amri, unahifadhi. Nikaona nisimnyime mtu. Simu ikipigwa kutoka nje, ilie meza zote.

Bosi akaenda Bunda kutujaribu. Alisema atapiga mara mbili, basi.

Asubuhi ile simu zikalia. Yangu tu ilikuwa kimya, maana ikiwa kwenye kuseti haipokei kitu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wote walimtazama mama wa masijala. Miaka yote ofisi ilikuwa na simu moja, mezani kwake, na hakuna aliyewahi kuigusa yeye akiwepo. Mama naye anawatazama wao, mikono kaipakata. Zikalia mpaka zikachoka.

"Mama, mbona hukupokea?" nikauliza, kwa sauti ya mtu anayefungasha begi.

"Imelia kwa kila mtu, mwanangu. Nikajua siyo yangu."

Mwenzangu wa stoo, mtu wa Butiama, akanipa pole kwa kunieleza kwamba Bunda kuna vyumba vizuri vya kupanga, nisiogope.

Nikarudi kwenye kioo. Nikafuta meza zote, nikaacha ya mama peke yake. Asipopokea, baada ya kulia kidogo ndipo ihamie kwetu sisi wadogo. Nikahifadhi, nikatoka kwenye kuseti.

Ikalia. Kwake tu. Mama akajifunga kitenge vizuri kana kwamba bosi anamwona, ndipo akapokea. Akamwuliza habari za safari, za mvua, kama amekunywa chai. Mwishowe akafunika simu kwa kiganja.

"Anauliza kama umeshafungasha."

"Mwambie Bunda hata njia siijui."

Akamwambia hivyohivyo, bila kupunguza neno. Akasikiliza, akacheka, akarudisha simu mahali pake taratibu.

"Anasema kaa hapohapo, usije ukapotea."

Jioni nilifika Makoko kuku wangu bado wako nje. Nikavua viatu mlangoni, nikavisukuma mbali chini ya kiti.