Boksi la Takataka

Baba yangu alitunza stoo ya vipuri vya magari maisha yake yote ya kazi, na huko ndiko alikojifunza kutomwamini mtu anayejua kusoma. Boksi lililoandikwa "pampu mpya" lilikuwa linaota miguu. Basi akaanza kuandika "boliti zenye kutu" kwenye pampu mpya, na "pampu mpya" kwenye boliti zenye kutu. Wezi wakachoka kubeba boliti. Wakubwa wake wakampa cheti, naye akakihifadhi kwenye bahasha iliyoandikwa "risiti za zamani".

Laiti mambo hayo yangeishia kazini. Nyumbani kwetu sukari ilikaa kwenye kopo la MISUMARI na majani ya chai kwenye kopo la SUMU YA PANYA. Sisi watoto tukishagundua, anahamisha. Niliwahi kumwona mgeni mmoja, mtu mzima na heshima zake, akimwangalia Mama akichota majani kwenye sumu ya panya. Alikunywa nusu kikombe kwa adabu, akaaga mapema.

Mama peke yake hakukosea. Alishusha kopo kutoka rafu ya juu, akaliinua kidogo kupita usawa wa macho kama anayelipima uzito, kisha akachota. Baba alimwonyesha kwa kidole, amejaa fahari.

"Mnaona? Huyu haulizi. Anajua tu."

Mama alikoroga chai, kimya.

Mama alifariki mwaka jana, na Baba akaanza kutia chumvi kwenye chai. Mwanzoni nilidhani ni majonzi. Halafu akawasha jiko, akaenda kunyoa ndevu, pazia la jikoni likaungua lote. Daktari alinivuta pembeni akasema mzee asikae tena peke yake. Nilipomwambia Baba kwamba atahamia kwangu, aliniangalia kama dereva aliyekuja stoo bila kibali.

"Nitahama," alisema hatimaye. "Lakini vitu vya mama yako vinahama na mimi. Nitavifunga mwenyewe. Visipofika, mimi narudi zangu."

Vitu vyenyewe havijazi begi la shule: sweta ya kijani, miwani, redio ndogo isiyoshika stesheni yoyote. Lakini namjua baba yangu. Angerudi kweli, kwa miguu ikibidi, akawashe jiko. Niliogopa, sioni haya kusema.

Tulikwenda duka la jumla kutafuta maboksi. Mtu mwingine angebeba lililo karibu tukaenda zetu. Baba aliyabonyeza pembe moja moja, akanusa ndani, akagonga chini kwa vidole.

"Hili je, mzee?" aliuliza mwenye duka. "La televisheni. Kubwa, jipya kabisa."

"La televisheni hata ulijaze matambara litaibiwa. Mwizi atajuta baadaye, lakini mimi nitakuwa sina matambara."

"Chukua ya biskuti, basi."

"Sisimizi hawana habari kwamba biskuti zimeisha."

Alichagua ya sabuni. Magumu, makavu, na kwa maoni yake hakuna anayehangaika na sabuni.

"Mimi naibiwa sabuni kila wiki," alisema mwenye duka.

Baba alimtazama kwa huruma ya mtaalamu. "Kwa sababu umeandika sabuni."

Kwenye kufunga, lazima nimpe haki yake. Sahani alizisimamisha, hakuzilaza. Glasi alizivalisha soksi. Vizito chini, vyepesi juu, na nafasi zilizobaki akazijaza taulo hadi ukilitikisa boksi husikii kitu. Kisha akatoa kalamu nene. Sufuria zikawa VITABU VYA HESABU. Mashuka yakawa BETRI MBOVU.

"Baba, sasa mimi nitajuaje kilichomo?"

"Si utaniuliza mimi?"

Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi.

Boksi la mwisho alilifungia chumbani kwake, mlango umefungwa. Nilisikia utepe wa gundi ukivutwa, ukavutwa tena, ukavutwa. Sikubisha hodi.

Siku ya kuhama Baba alisimama kizingitini, mikono nyuma, akiwaelekeza wabebaji. Mmoja akatoka chumbani na boksi lililoandikwa TAKATAKA.

"Na hili, mzee?"

Baba alilisoma. Nilimwona akilisoma.

"Wewe huoni limeandikwa nini? Peleka jalalani."

Mimi wakati huo nilikuwa napigana na godoro mlangoni, na nakumbuka nilifurahi kwamba angalau boksi moja katika nyumba ile limesema kweli.

Tulifika kwangu mchana. Baba hakutaka chakula. Alifungua maboksi yote, moja baada ya jingine, akitoa sufuria, mashuka, viatu. Alipomaliza akaanza upya kwenye yale aliyokwisha kuyafungua.

"Vitu vya mama yako havipo."

"Vipo, Baba. Tutafute pole pole."

"Havipo. Wale wabebaji wamevichukua." Alivaa kofia yake. "Nilikwambia. Narudi."

Nilimzuia mlangoni, nikamuuliza lile swali nililokuwa nalikwepa. "Baba, boksi lake uliliandika nini?"

Aliyatazama maboksi, akatazama kiganja chake, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba cha watu.

"Nimesahau," alisema.

Nilikuwa sijawahi kumsikia baba yangu akilitamka neno hilo. Alinikaripia utoto wangu wote, akanigombeza hadi siku ya harusi yangu, na hakuna siku aliyoniumiza kama pale. Nikataka anigombeze tena, kwa lolote lile.

Ndipo nikalikumbuka boksi lililosema kweli.

Nilimwachia mume wangu amkalishe, nikadandia pikipiki hadi mtaa wetu wa zamani. Gari la taka la mtaa ule hupita siku linayojisikia. Nimelilaani miaka na miaka, nimeshalilalamikia hadi ofisini kwa wahusika. Siku hiyo halikuwa limejisikia, na Mungu alibariki. Boksi lilikuwa kando ya jalala, paka amelala juu yake, utepe wa gundi umezungushwa pande zote, umeacha lile neno tu. Paka alikataa kuondoka kwa maneno. Nilimwinua.

"Lilikuwa wapi?" Baba aliuliza niliporudi.

"Nyuma ya kiti cha dereva, Baba."

Alilikata taratibu, akatoa sweta, akaikunja upya ingawa ilikuwa imekunjwa. Alipoliona lile neno kubwa ubavuni, uso wake ukarudi kuwa wa mtunza stoo.

"Unaona sasa? Mwizi hagusi takataka."

"Hagusi, Baba."

Kabati la chumba chake fundi alikuwa hajalimaliza, kwa hiyo vitu vyote vilirudi kwenye maboksi. Baba alivirudisha mwenyewe, na bila shaka si mahali vilipokuwa. Vitu vya Mama alivihamishia kwenye BETRI MBOVU. Kwa usalama zaidi, alisema.

Mimi nilikwenda jikoni kuosha makopo aliyohama nayo. Lile la MISUMARI lilikuwa tupu, nikaligeuza juu chini limwage maji, na hapo nikauona mwandiko wa Mama. Mtu hageuzi kopo lenye sukari, ndiyo maana hatukuwahi kuuona. Ulikuwa kwenye kitako, herufi ndogo za kulala, zimekwaruzwa kwa ncha ya kisu: *sukari*, imekatwa. *Chai*, imekatwa. *Chumvi*, imekatwa. *Sukari*.

Nikageuza la SUMU YA PANYA. Nikageuza yote.

Kumbe mama yangu hakuwa anajua tu. Alikuwa anachungulia. Miaka yote ile mumewe alihamisha, naye akayaandika upya nyuma yake, wala hakumwambia. Nilicheka hadi nikashika sinki, halafu nikalia, na makopo nikayaosha mara mbili kwa sababu sikuwa naona.

Baba alipojinyoosha kulala kidogo, nilichukua kalamu yake nene nikaingia chumbani kwa kunyata. Nililaza boksi moja moja, nikaangalia ndani, nikaandika kwenye kitako. Chini ya BETRI MBOVU niliandika: *Mama*.

Asubuhi kulikuwa na baridi. Mimi na mume wangu tulikuwa tunakunywa chai Baba alipotokea mlangoni, shati limefungwa vifungo kombo.

"Mwanangu, ile sweta..." Nikaona mkono umeanza kupapasa hewani.

Niliinuka na kikombe changu, nikaingia chumbani kwake, naye nyuma yangu na mume wangu nyuma yake. Nikainua ubavu wa boksi moja, nikauteremsha. Nikainua wa jingine, kidogo tu, kama anayelipima uzito.

"Hii hapa, Baba."

Aliipokea, akaivaa ilivyo, mikono mifupi kwake. Kisha akamgeukia mume wangu, akaninyooshea kidole.

"Unaona? Huyu haulizi. Anajua tu."

Nilikoroga chai yangu, kimya.