Jogoo wa Kuombea Wimbo

Bernadina ni shoga yangu, na hakuna mkaidi kama yeye Magoma nzima. Ana mgahawa, ukuta kwa ukuta na kibanda changu cha cherehani. Kila asubuhi, kabla ya chapati ya kwanza, hupiga kwenye redio yake ya kaseti wimbo mmoja wa bendi ya zamani ya shamba la mkonge. Marehemu mumewe, Deogratius, alimtongoza kwa wimbo huo. "Nisipousikia," huniambia, "siku yangu haiendi."

Jumatatu akaja afisa wa hakimiliki, kijana mpole aitwaye Mustafa. Akasema anayewapigia wateja muziki lazima awe na leseni. Bila ruhusa ya wenye nyimbo, redio izimwe. Atarudi Ijumaa.

Bernadina alishika maneno mawili tu: wenye nyimbo. Jamani! Kwetu ukitaka kitu cha mtu unakwenda kwake, unapiga hodi, na huendi mikono mitupu. Nikamkaripia, "Wewe mama, nenda ofisini ukakate leseni!" Wapi! Alhamisi akafunga mgahawa, akamfunga jogoo miguu, akapanda bodaboda hadi Vugiri kumtafuta Mzee Matayo, aliyeutunga ule wimbo. Nilikasirika, nikashinda na chai kavu.

Ijumaa asubuhi akarudi na mzee mwenyewe. Amekonda, kavaa koti kubwa kuliko yeye. Bernadina akaupiga wimbo. Mzee akaufuata ubeti wa pili kwa sauti iliyochakaa, machozi yanamtiririka. Nami nililia, nisiwadanganye.

Mustafa alipofika, Bernadina akamkabili mlangoni. "Mwenye wimbo huyu hapa. Muulize kama hajaniruhusu!"

Kijana akamwamkia mzee kwanza, kisha akaeleza taratibu. Leseni hutolewa na ofisi, moja kwa nyimbo zote. Haombwi mtunzi mmoja mmoja. Mzee naye akajiandikishe, apate mirabaha, malipo yake kila wimbo unapopigwa.

"Basi nitaikata leo," Bernadina akasema kwa aibu.

Mimi huyo, nikadakia. "Si nilikwambia? Hukuwa na haja ya kupanda Vugiri!"

"Alikuwa nayo, mwanangu," Mzee Matayo akanijibu taratibu. "Angeishia ofisini, ningekufa nikidhani hakuna anayeukumbuka."