Mshenga na Kwotabeki Anayekimbia

Huku Marekani, kuanzia Rockville mpaka Springfield, hakuna Mtanzania mwingine aliyewahi kupigwa faini ya kunyamaza. Ni mimi tu. Wengine hupigwa faini za vitenge na kreti za soda. Faini ndogo, kwa watu wadogo.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alitaka kuoa. Binti amezaliwa hukuhuku, Falls Church. Baba yake ni msomi wa kompyuta mwenye digrii tatu, na zote amezitundika ukutani kwenye njia ya kwenda chooni, ili mgeni akibanwa asome kwanza. Dada akanipigia simu: "Kaka, mshenga ni wewe." Sikushangaa. Angemtuma nani? Mimi nilikuja nchi hii na darasa la saba na mgongo mzima. Nilibeba makochi ya watu mpaka ghorofa ya nne, na leo nina malori sita ya kuhamisha vyombo, jina langu limeandikwa ubavuni mwa kila moja. Wenye digrii wakihama, wananipigia mimi.

"Ila kaka," dada akasema, "kazi ya mshenga ni kukubali. Wakisema jua ni jeusi, unaitikia. Utaweza?"

"Mimi? Kuna kazi niliyowahi kushindwa?"

Akacheka, akakata simu. Ningekielewa kicheko kile, mambo yasingefika yalikofika.

Tukaenda Jumapili mchana. Mpwa wangu hakuingia, desturi haimruhusu, akabaki kwenye gari. Mimi nikaingia na sinia, juu yake barua ya posa ndani ya bahasha, imefunikwa kitambaa cheupe. Aliyenipokea ni shangazi wa binti, muuguzi, mkubwa kwa kaka yake kwa umri na kwa mdomo. Nikaweka sinia mezani. Nikasema maneno yote yanayotakiwa: tumepita, tumeona ua kwenye bustani yenu, tumelipenda. Nilisema vizuri mno. Shangazi mwenyewe alitikisa kichwa kukubali.

Tatizo lilikuwa televisheni. Ilikuwa imewashwa bila sauti, ni msimu wa mechi za mtoano za mpira wa Kimarekani, na baba wa binti jicho moja lilikuwa kwangu, la pili huko.

Kwa asiyeujua mchezo: kwotabeki ndiye anayepewa mpira kwanza. Desturi ni asimame nyuma ya majitu matano yanayomkinga, atazame mbele, amrushie mwenzake. Lakini wapo wengine wakiona upenyo wanakimbia nao wenyewe. Basi siku ile mmoja akakimbia.

"Hawa nao!" mzee akasema. "Hawa hawachukui ubingwa. Kwotabeki anayekimbia ni sawa na kipa anayepiga chenga. Raha tupu, mpaka siku ya fainali. Takwimu ninazo."

Hapo nilitakiwa kusema, kweli mzee. Maneno mawili. Nayo yalikuwa njiani, Mungu ni shahidi, ila yakapitwa na mengine yenye haraka.

"Takwimu hazijawahi kuangushwa chini na mtu wa kilo mia na hamsini, mzee," nikasema. "Huyo wa kusimama anasubiri kulindwa. Majitu yakianguka, yeye ni nani? Ni bwana mwenye shati safi anayesubiri kupigwa."

"Anayekimbia anavunjika goti kabla ya Krismasi."

"Na anayesimama anavunjwa mbavu, tena aliyemvunja hakumwona!"

"Bwana mshenga, mchezo huu umeusomea wapi?"

"Palepale nilipojifunzia kuwabebea wasomi makabati yao."

Jikoni mtu aliacha kuosha vyombo. Shangazi akanyoosha mkono, akalivuta sinia upande wake taratibu, kama anayemwondolea sahani mtoto aliyetema chakula.

"Mjumbe hauawi," akasema. "Lakini faini anapigwa."

"Haki kabisa, mama. Vitenge doti ngapi?" Nilishaanza kutafuta simu.

"Vitenge utaleta hata lori, baba. Sisi tunataka kile usichokuwa nacho." Akanitazama kuanzia viatu mpaka kipara. "Siku ya fainali utakuja hapa. Utakaa kwenye kochi hilo, pembeni ya kaka yangu, kuanzia filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Ukitoa neno, neno moja tu, barua yenu inarudi ilivyo. Hatutaifungua."

Kwenye gari mpwa wangu alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na gari limezimwa.

"Mjomba, wamesemaje?"

"Wamenipenda. Wanataka nirudi."

Nilipomweleza yote, akainamisha kichwa. "Sasa mjomba, si ungemkubalia tu?"

"Alichosema si kweli."

"Ni mpira, mjomba! Mimi nazungumzia mke wangu."

Nikamwambia awashe gari.

Fainali ikafika, na timu moja kati ya mbili ilikuwa na kwotabeki mkimbiaji. Mungu akitaka kukupima anachagua mtihani vizuri. Nilikula sambusa kumi na moja, si kwa njaa, ni kwa kuziba. Shangazi hakuangalia televisheni hata kidogo. Aligeuza kiti chake, akakaa anatazama mdomo wangu, kama askari anayelinda benki.

Na yule msomi akanichokoza kama kijana wa sekondari. Mkimbiaji akiangushwa: "Umeona? Eti bwana mshenga, umeona? Au leo huna maoni?" Mimi natabasamu na sambusa shavuni. Mkimbiaji akipita katikati ya watu watatu, mzee ghafla anataka kujua pilipili imewekwa wapi.

Zilibaki sekunde chache, timu ya mkimbiaji iko nyuma. Majitu yake yakaanguka, yote matano. Mtu wa kusimama angelala pale. Huyu akazunguka kushoto, mmoja akamkosa, wa pili akabaki ameshika hewa, akakimbia mpaka akauingiza mpira mwenyewe. Ubingwa!

Nilijikuta nimesimama, mikono juu, mdomo wazi. Shangazi akainua kidole. Nyuma yake, mlangoni mwa jikoni, alikuwa amesimama binti mwenyewe, kashika kitambaa cha vyombo. Hakuwa anatazama mchezo. Alikuwa ananitazama mimi, na kile kitambaa amejizibia mdomo.

Nikafunga mdomo. Nikakaa.

"Amebahatika," mzee akasema, huku anapekua simu yake. "Na ukitazama takwimu, amerusha mara nyingi kuliko alivyokimbia. Kimsingi wameshinda kwa kurusha."

Kimsingi! Mtu amekimbia mbele ya macho yetu sote, lakini kimsingi alikuwa amesimama. Nilikuwa na majibu saba tayari. Nikayameza moja baada ya jingine, na la mwisho lilikuwa zuri mpaka likaniuma kifuani.

Filimbi ikalia. Shangazi akafungua bahasha, akasoma, akampa kaka yake. Mzee akasoma polepole, kisha akabaki ameishika barua, hajasema ndiyo wala hapana.

"Bwana mshenga, faini imelipwa," shangazi akasema. "Una neno?"

Mzee akajisogeza mbele. Alikuwa anasubiri. Binti naye anasubiri, na kule nje kwenye baridi mpwa wangu yumo garini kama siku ile.

"Mzee kasema kweli," nikasema. "Yule kijana amebahatika."

Shangazi akapiga kigelegele, jikoni wakapokea, na mzee akatabasamu kama aliyeongezewa digrii ya nne. Akasema ndiyo.

Sasa ndoa imefungwa, cheti kimetoka, na barua ya posa haiwezi kurudi kwa mtu. Kwa hiyo naandika hapa, kwa akili zangu timamu: mzee hakusema kweli. Kijana alikimbia, na kwa kukimbia akachukua ubingwa. Nakala ya kwanza ya maandishi haya naipeleka Falls Church mwenyewe, kwa mkono wangu, na safari hii nitakaa kwenye kochi lile na kuyasoma kwa sauti.