Programu Iliyomzoea Baba

Mwaka jana baba alilazwa kwa homa ya mapafu, na daktari akamwambia asikae tena kwenye baridi. Akaitikia vizuri sana. Julai ilipofika, ukungu ukatanda Naro Moru, tumbili wakaanza kuvamia mahindi yake, naye akavaa lile koti lake jeusi, akabeba kigoda, akaenda kuketi shambani kutwa nzima akikohoa.

Mimi hukasirika haraka. Nilitoka Nyeri na simu yangu ya zamani, nikaifunga juu ya nguzo ya ua ikitazama shamba, nikaiwekea programu niliyoiandika mwenyewe. Kazi yake si ngumu kueleza. Inatazama kwa muda, inajifunza kisichosogea na kukiita mandhari. Kinachobadilika ni mgeni: inakizungushia mstari mweupe na kunitumia picha.

"Mama," baba akaniambia, maana nimebeba jina la mama yake, "siku hiyo kitu yako itaona tumbili kabla yangu, nitaingia nyumba."

Haya basi. Siku ya kwanza upepo ulivuma, na kila jani la mahindi likawa mwizi. Nikairekebisha ipuuze majani. Asubuhi iliyofuata mawingu yakafunguka, na programu, iliyokuwa imejifunza kwamba nyuma ya shamba kuna weupe tu, ikauzungushia mstari Mlima Kenya mzima. Baba alicheka mpaka kifua kikambana.

"Na huyu ameiba nini?"

Niliudhika, lakini pia nilitaka kujua inaona nini hasa. Jioni nikafungua ile picha ya mandhari ambayo programu hujiwekea, ya shamba lisilo na mgeni. Kulikuwa na ua, mahindi, mlima. Na baba. Ameketi kwenye kigoda, koti na kofia, ametulia kiasi kwamba programu ilikuwa imemhesabu pamoja na nguzo. Roho iliniuma. Nikampelekea aone.

Aliitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. "Ndio maana," akasema. "Siku hizi tumbili wanakula hapa tu karibu na miguu yangu. Nilidhani ni ujeuri. Kumbe wamenizoea."

"Basi ingia ndani, baba."

"Nitaona."

Nilirudi Nyeri bila matumaini, kwa sababu namjua. Wiki hiyohiyo nilikuwa dukani nikinunua waya wa chaja, simu ikalia: mgeni shambani. Nikafungua picha. Hapakuwa na tumbili. Mstari mweupe ulizunguka umbo la mtu aliyeketi, kichwa, mabega, magoti, na ndani ya mstari hamkuwa na mtu, ni nyasi zilizokanyagwa tu. Programu ilikuwa imemzoea hivi kwamba kutokuwepo kwake ndiko kulikokuwa kugeni.

Niliogopa vibaya. Nikampigia. Ikaita, ikaita.

"Niko jikoni," akasema, mdomo umejaa. "Nakunywa uji."

Machozi yalikuwa yananitoka mbele ya mwenye duka, naye akajifanya anapanga betri. Mwishowe nikauliza, "Na tumbili?"

"Wacha wakule kidogo," akasema baba. "Huku kuna joto."