Somo Sikuzani na Chaneli Iliyoondoka

Sikuzani binti Mwinjuma hakuwa mtu wa kuficha jambo, na jambo likiwa sifa zake mwenyewe ndiyo kabisa. Zilipobaki wiki mbili aonekane kwenye televisheni, Bagamoyo nzima ilikuwa imekwisha kuambiwa. Aliwaambia wauza samaki, akawaambia wagonjwa waliopanga foleni kwenye zahanati, akamwambia hata imamu, ambaye alijibu "Inshallah" kwa sauti ya mtu anayetafuta viatu vyake.

Alikuwa na miaka sitini na moja, mfupi, mnene wa kujivunia, na kazi yake ilikuwa usomo. Binti akikaribia kuolewa huitwa yeye kumfunda: namna ya kuishi na mume, namna ya kuishi na mama wa mume, ambayo ni elimu ndefu zaidi, na yale mengine ambayo mlango hufungwa kwanza. Alikuwa amefunda mabinti kuanzia Kaole hadi Mlingotini, na walioachika ni wawili tu, tena hao, kwa maelezo yake, walikuwa wakisinzia darasani. Yeye mwenyewe aliachika mara moja. Hiyo hakuihesabu, kwa sababu wakati ule alikuwa bado mwanafunzi.

Kituo kimoja cha televisheni cha Dar es Salaam ndicho kilichomwita kwenye kipindi chake cha wanawake cha asubuhi. Walimpaka poda mpaka akafanana na chapati kabla haijachomwa, wakamkalisha kwenye kochi la rangi ya bamia, wakamrekodi nusu saa. Alisema mengi mazuri kuhusu maadili. Alisema pia jambo moja ambalo, aliporudi Bagamoyo, hakulitaja kwa mtu.

Kipindi kilikuwa kirushwe Alhamisi saa nne asubuhi. Shoga yake wa tangu chuo cha Kurani, Bi Zeyana, mwenye duka la vitambaa, alikuwa na televisheni kubwa kama mlango wa ghala, aliyoletewa na ndugu zake wa Maskati. Siku hiyo alifunga duka, akatandika mikeka, akapika kahawa, akatoa halua. Walikuja wanawake kumi na wanane. Hata Esha alikuja. Esha alikuwa somo mwenzake Sikuzani, na walipendana kama wanavyopendana wauza vitumbua wawili wa kona moja.

Saa nne kasoro dakika tano Bi Zeyana akabonyeza rimoti. Kioo kikawa cha buluu, na katikati pakaandikwa: "Mpendwa mteja, chaneli hii haipatikani kwa sasa kutokana na mazungumzo yanayoendelea."

"Mazungumzo gani?" akauliza Sikuzani. "Mazungumzo si ndiyo mimi?"

Bi Zeyana akabonyeza chaneli nyingine ya nyumbani. Buluu. Nyingine tena. Buluu. Zilizobaki zilikuwa za ughaibuni: wazungu wakiteleza juu ya barafu, mamba akimmeza nyumbu, na bwana mmoja mwenye kilemba aliyekuwa akikatakata vitunguu kwa hasira. Wanawake kumi na wanane walimtazama yule mamba. Hakuwa na haraka.

Sikuzani akapiga namba ya huduma kwa wateja, simu akaiweka sauti ya nje. Baada ya kubonyeza moja, kisha nne, kisha alama ya reli, akajibu kijana mmoja mwenye adabu nyingi.

"Shikamoo mama. Chaneli za nyumbani zimeondoka kwenye king'amuzi chetu tangu saa sita ya usiku."

"Marahaba. Zimeondoka zimekwenda wapi?"

"Kuna tofauti, mama, kati ya wenye vituo na kampuni. Wenye vituo wanasema hatuna ruhusa ya kuzirusha kwenye vifurushi vya kulipia. Kampuni inasema inayo. Wapo mezani."

"Na mimi ambaye nimo ndani ya chaneli, niko wapi?"

"Upo, mama. Ila huonekani."

Esha akachukua kipande cha halua, akakitazama pande zote mbili. "Haya," akasema. "Labda ile safari ya Dar ilikuwa ya kununua madera."

Hakuna aliyecheka kwa sauti, na hilo ndilo lililomuuma Sikuzani. Wangecheka angewajibu. Walikunja miguu, wakasifu kahawa, wakaondoka mmojammoja kama watu wanaotoka kwenye matanga ya mtu wasiyemfahamu vizuri. Jioni alipokwenda kununua mkaa, muuzaji alimwuliza, "Vipi, bi televisheni?" Akarudi nyumbani bila mkaa.

Usiku binti yake Sophia, anayeishi Dar, akapiga simu. King'amuzi chake kilikuwa cha kampuni ileile.

"Lakini kuna marudio, mama. Jumamosi saa nane mchana. Na kwa baba chaneli zinaonekana."

"Kwa baba yupi?"

"Mama, nina baba wangapi? Kule Miono. Ana lile dishi lake la zamani, lile kubwa. Linadaka za bure kutoka hewani, halimtegemei mtu."

Sikuzani aliagana naye, akaketi kitandani. Alimkumbuka mtangazaji alivyomgeukia na kumwuliza, "Somo, mke afanye nini akigundua mumewe ni mwoga?" Na yeye, kwa utamu wa taa zile na zile poda, akasahau kwamba nchi ina masikio. Akasimulia habari za bwana mmoja, bila kumtaja jina. Bwana huyo alikuwa dalali wa mbuzi. Usiku wa harusi yake mjusi kafiri alidondoka juu ya chandarua, na bwana akatoka mbio na kanga ya bibi harusi mpaka kwa jirani. Tena akilala huwa ananadi mbuzi usingizini, na asipopata mnunuzi hulia.

Miono kulikuwa na dalali mmoja tu wa mbuzi. Aliitwa Shuaibu, na ndiye baba yake Sophia.

Ijumaa nzima alipima mambo mawili: aibu ya Bagamoyo na aibu ya Miono. Ya Miono ilikuwa mbali kwa kilomita. Akaenda dukani kwa Bi Zeyana.

"Nipeleke Miono kesho, kwenye marudio. Na tumchukue Esha."

"Esha wa nini tena?"

"Nikirudi bila yeye, nani ataniamini? Wewe shoga yangu, utasema lolote."

Bi Zeyana aliendesha kigari chake kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Kiwangwa wakasimama wakanunua mananasi ya kuwapelekea wenyeji, wakapita Msata, mbele kidogo wakaacha lami. Esha alikaa nyuma na mananasi, akiuliza kila baada ya maili chache kama kweli huko kuna umeme. Sikuzani alikuwa akiomba kimoyomoyo umeme ukatike.

Haukukatika. Walipofika, ua wa Shuaibu ulikuwa umefurika watu. Dishi lilisimama kando ya banda, pana kama ungo wa jitu, limeliwa na kutu, na televisheni imewekwa dirishani imegeuziwa uani. Watu wa Miono nao walikuwa wamenyang'anywa chaneli zao, na nyumba hiyo ndiyo iliyobaki. Lakini wale watu walikuwa wengi kuliko kiu ya televisheni. Sikuzani akaanza kushuku.

Mwanamvua, mke wa sasa wa Shuaibu, akaja mbio kumpokea, mama mchangamfu wa miaka arobaini na kitu.

"Shikamoo dada! Karibu! Tulijua tu utakuja."

"Marahaba. Mlijuaje?"

Mwanamvua akamsogelea sikioni. "Alhamisi kipindi nilikiona chote. Mume wangu alikuwa mnadani. Sikumwambia neno. Nimewaita majirani tu."

Sikuzani akaangaza macho kulitafuta gari. Kabla hajapata pa kukimbilia, Shuaibu mwenyewe akatokea, mrefu, mwembamba, kofia imekaa sawasawa, anang'aa kwa fahari.

"Mama Sophia! Nimeambiwa leo wewe ndiye mgeni wa kipindi. Kaa hapa mbele. Leteni kiti!"

Akakalishwa kiti cha mbele, na Shuaibu akakaa ubavuni pake kama mdhamini.

Saa nane kipindi kikaanza. Alipotokea Sikuzani kwenye kochi la bamia, ua mzima ukapiga vigelegele. Esha akasogea mpaka karibu kugusa kioo, akahakikisha, akarudi kukaa. Sikuzani alikuwa ameiota saa hiyo kwa wiki mbili, na sasa ilipofika alitamani ardhi ifunguke walau kwa upande wake wa kiti. Dakika kumi za maadili zikapita. Shuaibu alikuwa akitikisa kichwa kwa kila neno: "Kweli. Kweli kabisa."

Kisha mtangazaji akauliza lile swali.

Kwenye neno "dalali" vichwa vilianza kugeuka. Kwenye "mbuzi" kikatokea kicheko kimoja huko nyuma, cha bibi kizee. Kwenye kanga ua wote ukaanguka. Watu walishikana mabega, mzee mmoja akavua miwani kufuta machozi, na Mwanamvua, amejishika mbavu, akapaza sauti, "Na mpaka leo ananadi! Juzi kamwuza beberu mmoja mara mbili!"

Shuaibu alikuwa ameikazia macho televisheni. Sikuzani alimtazama kwa pembe ya jicho na kuona masikio yake yamekuwa mekundu, kama zamani alipokuwa akikaribia kukasirika. Akajiandaa. Shuaibu akasimama, akainua mkono mpaka watu wakanyamaza.

"Nataka niseme neno moja," akasema. "Hakuwa mjusi. Alikuwa popo."

"Alikuwa mjusi, Baba Sophia," Sikuzani akajibu kabla hajajizuia. "Mkia niliufagia mimi."

Hapo hata Shuaibu alishindwa. Alianza kwa kukohoa, kikohozi kikageuka, akacheka mpaka kofia ikapinda, jambo ambalo Sikuzani hakuwahi kuliona kwa miaka tisa ya ndoa.

Walipokuwa wakiondoka, aliwasindikiza mpaka kwenye gari. Bi Zeyana na Esha wakatangulia kuingia. Shuaibu akasimama mlangoni, anakwaruza rangi ya gari kwa ukucha.

"Mama Sophia, ulikuwa unachekesha hivi ulipokuwa kwangu?"

"Kila siku."

Akafikiri. "Mimi nilidhani unanigombeza."

"Nilikuwa nakugombeza vilevile."

Njia nzima Sikuzani alitazama nje ya dirisha, na Bi Zeyana, ambaye alimjua tangu walipokuwa na mapengo, hakumwuliza.

Esha alitoa ushahidi wake Bagamoyo kwa uaminifu wa aina yake. Ndiyo, alimwona kwa macho yake, wala si uongo. Ila kamera imemnenepesha, masikini. Iliwatosha watu. Muuza mkaa akarudi kumwita somo.

Chaneli zilirudi baada ya wiki tano, ghafla asubuhi moja, bila samahani wala maelezo, kama mume aliyekuwa safarini. Waliokuwa mezani hawakutangaza nani kamshinda nani. Kipindi kile hakikurudiwa tena, na Bagamoyo, pamoja na televisheni zake zote, haikukiona.

Ila wiki hiyohiyo Mwanamvua alipiga simu. Mdogo wake alikuwa anaolewa baada ya mfungo, na nyumba nzima ilikuwa imekataa somo mwingine yeyote.

"Na mwenye nyumba anasemaje?" akauliza Sikuzani.

"Ndiye aliyesema tukupigie. Anasema ukija uwafunde na wanaume pia, wanakaa bure tu."

Sikuzani akamwambia asubiri, ana shughuli nyingi, ataangalia nafasi. Akakata simu, akavuta sanduku kutoka uvunguni, akaanza kuchagua kanga.