Kona ya Vipepeo ya Mzee Masinde

Miaka thelathini Masinde alifyeka nyasi za kaunsili ya jiji, kutoka mtaa wa Shauri Moyo hadi wa Bahati, na hakuna gugu lililowahi kumshinda. Alipostaafu, shule moja ya msingi mtaani ilimchukua atunze uwanja. Kwa mazoea akaukwangua ukabaki upara.

Ndipo Mwalimu Nyawira wa Gredi ya Tano akamletea mchoro. Maji ya paa yaelekezwe kwenye mtaro wa matete, na kona ya nyuma iachwe iote magugu, watoto wajifunze kuhusu wadudu papo hapo wanapoishi.

"Mwalimu, unataka nifutwe kazi?" Masinde alimcheka.

Lakini aliiacha kona iote. Magugu yalipoleta viwavi, mzee mzima, tena mkali hata kwa wajukuu wake, akawa hanywi chai ya asubuhi kabla hajawakagua. Wiki moja vifuko kumi na saba vilining'inia kwenye mabua, viwavi ndani wakigeuka vipepeo. Gredi ya Tano walikuwa wamevichora vyote, na Jumatatu walitarajia kuviona vikipasuka.

Ijumaa Masinde akaenda matangani Bungoma. Aliporudi Jumatatu, Mama Muhonja, mwenyekiti wa wazazi, alikuwa akimngoja langoni.

"Mzee, pole na msiba. Tuliona kule nyuma kumekulemea, tukasema huyu ni wetu, tumsaidie. Jumamosi wazazi tulikuja na mapanga. Sasa kumefagiwa, hata takataka tumechoma!"

Nyawira hakuambiwa. Nani huomba ruhusa ya kufanya usafi?

Masinde alikwenda nyuma mbio. Palikuwa na udongo mtupu wenye michirizi ya fagio, na jivu. Gredi ya Tano walisimama na daftari zao, na Nyawira alikuwa akilia bila kujificha.

"Mzee, vifuko vimeenda wapi?" Shiku, msichana wa dawati la mbele, alimuuliza.

Alitaka kutukana, lakini amtukane nani? Mama Muhonja alikuwa amefunga kibanda chake cha soko la Gikomba siku ya Jumamosi, siku ya mauzo, na viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Masinde hakuwa na pa kuitua hasira yake.

Mama Muhonja alimfuata na wazazi wenzake, mkononi ana kitu kilichofungwa kwa gazeti. Ilikuwa slasha mpya ya kufyekea nyasi.

"Tumekuchangia, ile yako imechakaa."

Wazazi wakapiga makofi. Masinde aliipokea kwa mikono miwili, watoto wakimtazama, akasema, "Asanteni sana. Mungu awabariki."